Kwa Nini Toleo la Pili Halina Dibaji

Mume wangu, Emanuel Gershuny, alihariri mikusanyo mitatu ya hadithi za kubuni za sayansi. Yote ilikuwa ya jalada jepesi, ya senti thelathini na tano, na iliuzwa kwenye vituo vya treni na maduka ya dawa. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha kemia katika shule ya sekondari huko Bronx, New York. Naandika haya kwa sababu tangu afariki, wapenzi wa hadithi hizo wameandika mara mbili katika vijarida vyao kwamba mchapishaji wake alimfukuza kwa kuchezea kazi ya mwandishi mwingine. Ushahidi wao ni kwamba toleo la pili la mkusanyo wa tatu halina dibaji yake wala neno lake hata moja. Hilo la dibaji ni kweli. Mengine si kweli, na mimi nilikuwapo.

Manny, kama alivyoitwa na kila mtu isipokuwa mama yake, alikuwa mtoto wa mkata vitambaa wa Mtaa wa Rivington. Baba yake aliweza kukata mikono ya makoti arobaini kwa mpigo mmoja bila kupotoka. Manny alirithi mkono huo, akautumia kwenye karatasi. Wahariri wa mikusanyo wakati ule hawakupiga hadithi upya kwa taipu. Walitafuta magazeti ya zamani, nakala mbili za kila toleo kwa kuwa karatasi huchapwa pande zote mbili, wakakata kurasa, wakazibandika kwa gundi kwenye karatasi nyeupe, na huo ndio mswada uliopelekwa kwa mpanga chapa. Meza yetu ya kulia ilikuwa na madoa ya gundi ambayo sikuwahi kuyatoa. Wageni walipokuja niliifunika kwa kitambaa cha mama yangu.

Magazeti yale yalikuwa na tabia moja mbaya. Hadithi ilianza vizuri mbele, kisha katikati ya kisa ikakatwa na kurukia nyuma kabisa, ikamalizikia kati ya matangazo ya mikanda ya wagonjwa wa ngiri na masomo kwa njia ya posta. Juu ya kila mkia, yaani kipande hicho cha nyuma, kulikuwa na ukanda mwembamba wenye jina la hadithi. Manny aliukata ukanda huo mara moja, asije mpanga chapa akauchapa katikati ya maneno. Alikuwa nadhifu mno katika hilo.

Kwa mkusanyo wa tatu, mwaka 1957, alivutiwa na hadithi mbili za gazeti moja. Ya kwanza ilikuwa "Mlinzi wa Mshtarii" ya Orville Tackett wa Dayton, Ohio. Ya pili iliitwa "Karantini", na mwandishi alijiita V. K. Hollis. Alizikata zote mbili. Kitabu kilikuwa na nafasi ya moja tu, akachagua ya Tackett kwa sababu ilikuwa fupi zaidi. Kurasa za mbele za "Karantini" akazirudisha kwenye bahasha. Mikia miwili ikabaki mezani bila kanda zake.

Katika hadithi hizo kila mtu alikuwa nahodha, na kila nahodha alikuwa peke yake mahali baridi. Manny alibandika mkia wa Hollis kwenye mwili wa Tackett, na sentensi zikaungana bila mshono kuonekana. Msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, alilinganisha tahajia na mswada, na tahajia ilikuwa sawa. Mwandishi wa hadithi iliyokwisha kuchapwa zamani haonyeshwi prufu. Ndiyo desturi.

Tulijua Jumapili moja ya Mei. Manny alikuwa akinisomea uhakiki wa gazeti wakati nikikata mkate.

"Sikiliza hii, Selma. 'Hadithi ya Bwana Tackett inapita zote. Meli ya uokoaji inakaribia, na nahodha anazima taa ili impite, bila kutoa sababu yoyote. Kwa miaka mingi hatujasoma mwisho wenye kina kama...'" Akarudi nyuma mstari mmoja. "Anazima taa?"

"Wewe ndiye uliyeichagua," nikamwambia.

"Nahodha wa Tackett anaokolewa. Anamwoa binti wa mkuu wa meli. Mwisho wa kijinga kabisa."

Alikwenda kukichukua kitabu, akasoma kurasa mbili za mwisho akiwa amesimama. Kisha akalitoa lile gazeti kabatini. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu. Nahodha wa Hollis alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza na hakutaka kuwaua waokoaji wake. Hapakuwa na kina chochote hapo. Ilikuwa sababu iliyo wazi, na ilibaki kwenye kurasa ambazo hazikuchapwa.

"Nimemwibia mtu," Manny alisema.

Kabla hajaamua la kufanya, Tackett mwenyewe alifika New York kwa treni. Alikuwa fundi wa redio, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, na alituletea kopo la nyama ya nguruwe, asijue kwamba sisi Wayahudi hatuili. Nililipokea kwa mikono miwili, nikaliweka juu ya friji, na kesho yake nikampa msimamizi wa jengo. Niliandaa samaki wa kuvuta moshi, jibini laini na vitunguu.

"Shemeji," Tackett aliniambia kabla hajakaa vizuri, "huyu mumeo kanifufua. Miaka kumi na tano naandika, hakuna hata mbwa aliyenibwekea. Leo kampuni ya Philadelphia inataka kitabu kizima. Kizima!"

"Orville," Manny alisema, "mwisho ule si wako."

Tackett akapaka jibini kwenye mkate polepole. "Niliuona siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Eti jamani, rudisheni ule wangu wa harusi? Manny, ndugu yangu, ule ni mzuri kuliko wangu. Tuuache ulipo."

"Mwisho ule una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi? Amelalamika?"

"Hajui."

"Basi! Asiyejua haumwi. Wewe unataka kumwamsha mtu aliyelala umwambie ameibiwa viatu."

"Viatu umevaa wewe, Orville."

"Nimevishwa! Nani kanivisha?" Akanigeukia. "Shemeji, mwambie. Nikipoteza hiki kitabu cha Philadelphia, sipati kingine. Nina miaka hamsini na mbili."

Sikuingilia. Jambo lilikuwa la Manny, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye jalada. Mhariri wa mikusanyo hana hadithi yake mwenyewe ndani ya kitabu. Ana kitu kimoja tu, nacho ni kuaminiwa kwamba ameweka kila neno mahali pake chini ya jina la aliyeliandika. Kwa sababu ya kuaminiwa huko waandishi walimpa Manny hadithi zao kwa malipo madogo kuliko waliyowatoza wengine. Akikiri, angeonekana mzembe. Akinyamaza, angekuwa mwizi, hata kama hakuna wa kumwona. Alijua hivyo, na Tackett alijua kwamba anajua. Tackett aliondoka bila kumaliza samaki.

V. K. Hollis alikuwa mwanamke, Verna, muuguzi katika hospitali moja ya Newark. Nilifuatana na Manny, kwa kuwa alitaka shahidi, na kwa kuwa haikufaa aende peke yake kwa mwanamke asiyemfahamu. Verna Hollis alitupokea kwenye kantini akiwa na sare yake, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi wahudumu wakageuka.

"Kwa hiyo kichwa changu hamkukitaka, ila mkia mmeula."

"Hatukuula kwa kujua, Bi Hollis," Manny alisema.

"Bwana Gershuny, mimi nikimpa mgonjwa dawa ya jirani yake, siendi kwa daktari mkuu nikasema sikujua. Nafukuzwa mchana uleule."

"Ni haki yako kusema hivyo. Niambie unataka nini."

"Hela yenu ni ya kununulia soksi, kaeni nayo." Aliacha kucheka. "Niliandika 'Karantini' mwaka tulipokuwa na wodi nzima ya polio. Yule nahodha nilimwuguza mimi. Sasa watu wanamsifu kwa kuwa hana sababu! Sababu anayo. Nataka ichapwe yote, na jina langu lote. Sitaki V wala K. Verna Hollis."

"Utaipata," Manny akasema.

Ndani ya gari la moshi nilimwuliza atawezaje kuahidi kitabu ambacho si chake. Alikuwa akihesabu kurasa kwenye pambizo ya gazeti.

Mchapishaji wake, Lou Brandwein, alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la kofia. Manny alinieleza mazungumzo yao jioni ileile, na miaka michache baadaye Brandwein mwenyewe akanieleza vilevile, akicheka, hivyo naamini yalikwenda hivi.

"Toleo la kwanza limekwisha, Manny. Limekwisha! Na wewe unaniletea matanga. Kuku anataga dhahabu, unataka kumchungulia nyuma."

"Toleo la pili halitoki bila marekebisho."

"Nani kasema?"

"Ruhusa zote za waandishi zimeandikwa kwa jina langu, Lou. Kumi na mbili. Ndivyo ulivyotaka mwenyewe, ili usisumbuliwe."

"Unanitishia?"

"Nakukumbusha."

Brandwein alizunguka meza. "Haya. Unataka kuongeza hadithi nzima ya huyo nesi. Kurasa ziko wapi? Kitabu ni kurasa mia moja tisini na mbili. Karatasi kubwa ya mtambo wa chapa inakunjwa kurasa thelathini na mbili, siwezi kukunja robo. Nimtoe nani? Yule maarufu aliye kwenye jalada?"

"Nitoe mimi."

"Wewe huna hadithi humo."

"Nina dibaji. Nina maelezo kabla ya kila hadithi. Nina ule ukurasa wa mwisho unaosema mimi ni nani. Nimehesabu, zinatosha."

Brandwein akakifungua kitabu kwenye dibaji. "Dibaji hakuna anayeisoma, hilo kweli. Watu wananunua roketi na yule binti wa nguo ya kuogelea jaladani. Lakini sikiliza, na hapa sitanii. Hakuna neno kwamba tulikosea. Si kitabuni, si kwenye kijarida, si kwa rafiki zako wenye miwani. Msambazaji akisikia kitabu kina kasoro atanirudishia mizigo yote ikiwa imechanwa majalada, nami nimrudishie hela yake. Nipe neno lako."

Manny akampa.

Dibaji ile aliiandika majira yote ya baridi. Mimi nilisomesha Kilatini, na sisifu nathari ya mtu kwa kuwa ni mume wangu, lakini ilikuwa maandishi bora kuliko yote aliyowahi kuyatoa. Ilieleza kwa nini mtu mzima asome habari za sayari. Aliichukua siku ya Jumapili, akaikata kutoka kwenye mswada kwa mkasi uleule, akapachika kurasa za Verna Hollis, akampa Tackett binti wa mkuu wa meli. Safari hii kila ukanda wenye jina la hadithi aliuacha palepale, akamwandikia mpanga chapa kwa penseli nyekundu asiuchape.

Toleo la pili lilitoka Oktoba. Halikusifiwa na mtu. Hakuna mhakiki aliyeitaja "Karantini", kwa kuwa wahakiki hawasomi matoleo ya pili. Verna Hollis alipiga simu nyumbani, akaniambia, "Mwambie mzee nimejiona," akakata. Kampuni ya Philadelphia ililinganisha matoleo yote mawili na kumwandikia Tackett kwamba haina haja tena.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa wapenzi wa hadithi hizo, Tackett alisimama ukumbini glasi mkononi. Alisema mbele ya watu wote kwamba Manny Gershuny aliandika mwisho wake mwenyewe na kuupachika kwenye hadithi ya mwenzake, kisha wivu ukamshika, akautoa, na mchapishaji wake ndipo akamfuta kitabuni. Watu walimgeukia Manny. Alikuwa ameketi karibu nami.

"Sema," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Sentensi moja inatosha."

"Nilitoa neno."

"Kwa Lou Brandwein? Mtu anayeuza mabinti wa kuogelea?"

"Sikumpa yeye kwa sababu ni mtu mwema, Selma. Nilimpa nikapata kurasa."

Tackett alingoja jibu, hakulipata, akaketi. Alikuwa analia, na sikumwonea huruma wakati ule. Waandishi wakaacha kumpa Manny hadithi. Brandwein hakumfukuza. Alimtaka afanye mkusanyo wa nne, na Manny akaenda kwa waandishi ishirini na kupata ruhusa tatu. Kitabu cha hadithi tatu hakichapwi. Aliendelea na kemia hadi alipostaafu, na jambo hilo halikuzungumzwa mezani kwetu.

Brandwein sasa ni marehemu, na kampuni yake iliuzwa, kisha ikafungwa. Verna Hollis alifariki Newark, na Tackett Dayton. Neno lilitolewa na Manny naye alilitunza hadi kaburini. Mimi sikuliwekea sahihi.

Aliyeandika kwamba alifukuzwa hakuwahi kuketi nyumbani kwetu. Anayetaka kumjua Emanuel Gershuny alivyoandika, atafute toleo la kwanza na asome dibaji. Anayetaka hadithi kama zilivyotoka mikononi mwa wenyewe, asome la pili.