Kaseti Iliyotugombanisha

Binamu yetu aliporudi kutoka Uganda alituletea kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo kutoka nyingine. Ndani yake vijana wa Marekani walighani haraka haraka kama watu wa rap, kisha wakapiga mayowe juu ya magitaa mazito. Niliipenda siku ileile. Dada yangu aliichukia, na kwa kuwa tulishona nguo katika chumba kimoja karibu na soko la Gisenyi, tuligombana kila siku. Mwishowe tukapatana: asubuhi kaseti yangu, mchana kwaya zake.

Hata wenzangu hawakuelewana. Waliopenda gitaa walisema hiyo ni rap, na waliopenda rap walisema ni kelele. Mimi nilitetea kila wimbo, ingawa kusema kweli nilisikia mvumo tu, kama mvua juu ya bati, na sauti ya mtu kwa mbali.

Kisha jirani yetu, mzee Mwislamu aliyeuza vitenge mlango wa pili, akanunua huko Goma, ng'ambo ya mpaka, redio kubwa ya sidi yenye spika mbili. Binamu naye akaazima mahali sidi ya albamu ileile. Mzee akatuita Jumapili, tulipotoka misani.

"Leteni hiyo muziki yenu tuisikie muzuri," alisema. "Halafu mi nitaamua nani iko na haki."

Dada alikuja na shati la kutia vifungo, asije akapoteza mchana bure.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nilishtuka. Ule mvumo ulikuwa magitaa mawili, moja kila upande, na katikati yake kulikuwa na ngoma ndogo ambayo sikuwahi kuisikia. Hata maneno niliyoimba mwaka mzima hayakuwa yale. Binamu, aliyesomea Kiingereza, alicheka mpaka akakaa chini. Wimbo niliouabudu kuliko zote, kumbe jamaa alikuwa analalamikia gari lake. Niliona aibu, kisha nami nikacheka.

Kwenye wimbo wa nne dada aliacha sindano. Magitaa yalikuwa yamenyamaza, na mwimbaji alibaki peke yake akihema kwa kwikwi. Kwenye kaseti yetu hapo palikuwa na mchakacho uliomfunika karibu kabisa. Dada akaomba urudiwe.

"Huyu hagombi na mtu," alisema taratibu. "Huyu analia."

Mzee akaamua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya haki, akaenda kuswali alasiri, akatuachia redio.

Jumatatu asubuhi dada alitia kaseti mwenyewe na kuipeleka mbele hadi wimbo wa nne. Bibi mmoja wa Kanama, aliyekuja kupimwa gauni la harusi ya bintiye, aliuliza kama huyo kijana ni mgonjwa.

"Hapana mama, ana huzuni tu," dada akamjibu, akaendelea kumpima kiuno.