Mjukuu aliniinamishia kichwa, mimi nikawa natafuta network

Wakuu, nawasalimu kutoka Karatu. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kuna mmoja humu kaandika kwamba kukaa jioni na kuipitia siku yako ni mambo ya wazungu kule lodge. Nimesoma nikakasirika. Hasira yenyewe nusu ni yangu mwenyewe, maana zamani hata mimi ningesema hivyo.

Mimi ni dereva mstaafu wa watalii. Binti yangu Neema ameolewa na Mmasai, wanaishi kijijini Nainokanoka na mtoto wao, mjukuu wangu Nasieku.

Kwa wasiojua: mtoto wa Kimasai hampi mzee mkono. Anainamisha kichwa, mzee anamgusa utosini. Hapo ndipo mtoto anajua ameonekana.

Nilienda kuwatembelea. Kule network ni ya kubahatisha, kwa hiyo niliingia bomani nimeinua simu juu kama mtu anayekinga mvua. Nikakaa, nikanywa chai, nikaaga.

Jioni nimefika nyumbani, Neema akapiga.

"Baba, Nasieku anauliza amekukosea nini."

Nikafoka. Nikamwambia mtoto nimemsalimia, asinizushie.

Mke wangu alikuwa ananiwekea maji ya kunawa miguu. Akasubiri nikate simu.

"Baba Neema, hebu irudishe siku nyuma. Mkono wako ulishika kichwa cha mtoto au simu?"

Nikairudisha, kuanzia chai kurudi nyuma mpaka nilipoingia bomani. Network niliikumbuka vizuri, ilikuwa inakuja na kuondoka. Mtoto sikumwona kabisa. Kumbe alikuwa ameinama pale, nikampita.

Wakuu, mimi huyu nilikuwa naona mkia wa chui juu ya mti, gari linatembea, wageni wanapiga makofi! Jicho lote lile nimewapa wageni, la mjukuu halikubaki.

Na msiniambie ni uzee. Hicho kisingizio kinaniudhi kuliko kosa lenyewe. Macho ninayo. Ni akili iliyokuwa haipo.

Tangu hapo kila jioni, miguu ikiwa kwenye beseni, mke wangu ananiuliza swali moja tu: leo umemwona nani?

Mwanzoni ilikuwa aibu. Namwambia nimepita sokoni. Ananiuliza nimemwona nani. Watu. Watu gani? Najifanya nasugua kisigino.

"Hata yule mbuzi wetu ana habari kuliko wewe," akasema.

Ila taratibu kitu kikabadilika, tena mchana, siyo jioni. Nikijua swali linanisubiri, simu naiacha mfukoni. Mama muuza vitunguu kutoka Mang'ola nimepita kwake miaka yote, juzi ndiyo nimegundua anachechemea.

Wiki iliyopita nilirudi Nainokanoka. Simu niliizima nikiwa bado njiani.

Nasieku akaja. Akasema, "Shikamoo babu," akaninyooshea mkono. Mkono, kama anavyowapa wageni wa mjini.

Kichwa aliwainamishia wazee wengine wote, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo.

Sikumlazimisha. Nikaupokea mkono, nikamtazama.

Jioni mke akauliza.

"Nimemwona Nasieku," nikasema. "Meno ya mbele yameng'oka. Anaficha pengo akicheka."

"Na kichwa?"

"Bado."

Akaongeza maji ya moto kwenye beseni.

Somo nililopata: huwezi kuwa makini mchana kama jioni hakuna wa kukuuliza. Tafuta wa kukuuliza, au jiulize mwenyewe.

Anayetaka kucheka na acheke, ila kwanza aandike hapa chini: leo umemwona nani?