Mbili Mara Tatu

Majani yakioza chini ya udongo yana harufu yake. Si ya samadi, si ya matope. Ni tamu kidogo, ina uchachu kama togwa iliyolala, na inakupanda puani ukiwa umeinama na jembe. Sisi wa milimani Mbinga tunaijua kwa sababu tunalima ngoro. Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inanyesha, wanaume wanafyeka majani na kuyapanga ubavuni mwa mlima, mistari ya kwenda na mistari ya kukatiza, mpaka shamba linakuwa miraba mitupu. Kisha wanawake wanafuata. Wanachimba katikati ya kila mraba na kwa udongo wake wanayafukia yale majani, na maharage yanaota juu yake. Ukisimama ng'ambo unaona mlima mzima una mashimo kama sega la nyuki. Maji ya mvua yanatulia humo, udongo haushuki mtoni. Kazi ya mwanaume inakwisha siku mbili tatu. Ya mwanamke inakwisha mgongo ukikwisha. Hivyo ndivyo mama alivyosema kila mwaka, na alikuwa akicheka.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Mama alijifungua mdogo wangu Agneta nyumbani, mikononi mwa bibi mzaa baba, majani yakiwa yameshapangwa shambani yanangoja jembe lake. Siku ya nne homa ikamshika. Tulidhani ni uchovu wa uzazi. "Skola," akaniambia, "kesho nitachimba hata miraba miwili, upepo usije ukayabeba majani ya baba yako." Kesho yake hakuinuka. Siku ya sita tumbo likawa halishikiki, akawa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na chumba kikawa na harufu ambayo bibi aliijua, kwa sababu alitoka nje akaanza kusali rozari mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya ila kwenye msiba. Baba akasema twende zahanati.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Sisi tulitoka alfajiri tukafika jua la utosi, mama akikaa chini kila kilima. Kulikuwa na nesi mmoja tu, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, na yeye ndiye aliyepima, ndiye aliyechoma sindano, ndiye aliyegawa dawa. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, sijui kama walimwona mgeni amesimama peke yake mbele ya wenyeji sitini. Alimpima mama vizuri, kwa upole, akamchoma sindano, akasema dawa nyingine zitatolewa dirishani. Mama hakuweza kusimama kwenye foleni, akalala nje kwenye majani, baba akimkinga jua kwa koti. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na sala. Baba alikijua cha sokoni, lakini kusoma hakujua. Basi akanisukuma begani: "Nenda wewe, msomi wetu."

Dirisha lilikuwa juu, nikasimama kwa ncha za vidole.

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Mama."

"Unajua kusoma?"

"Ndiyo. Shikamoo." Nilikuwa nimesahau kuamkia.

Akacheka, na nilimpenda kwa kile kicheko. "Marahaba. Haya, imeandikwa hapo. Ameze akishakula. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nyuma yangu mtoto analia, mzee anakohoa, mtu ananisukuma. Nilitoka na kibahasha cha karatasi, ndani yake vidonge thelathini vya rangi mbili. Juu yake nesi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: 2 x 3.

Siku hizi watu wakiniambia kuuliza si ujinga, naendelea na kazi yangu. Mimi sikuuliza kwa sababu sikuona cha kuuliza. Nyumbani tulisema Kimatengo. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, na darasani neno mara lilikuwa na kazi moja tu. Mwalimu alituimbisha kwa fimbo: mbili mara moja, mbili, mbili mara mbili, nne, mbili mara tatu, sita. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kuzidisha. Nilipokiona kile kibahasha, moyo wangu uliruka kwa furaha, maana serikali nzima ilikuwa imeniuliza swali ambalo jibu lake nalijua.

Jioni ile mama alikula uji, nikahesabu vidonge sita kiganjani kwake. Bibi akaguna. "Sita? Hivyo si vitamjaza tumbo kuliko chakula?" Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuacha utani hata mbele ya mgonjwa, akasema, "Usibishane na huyu. Juzi nimemsikia anafukuza mbuzi kwa Kiswahili, mbuzi kabaki anashangaa tu." Wakacheka wote, hata mama. Baba akakata maneno: "Mtoto amesoma, mama. Imeandikwa." Likishasemwa hilo, nani tena angebisha? Mama akameza kimoja kimoja, akinitazama juu ya kikombe. Kila alipokula alimeza sita, na kwetu chakula kilikuwa mara mbili kwa siku. Siku ya pili akaanza kutapika. Tukasema dawa inapambana. Siku ya tatu jioni kibahasha kikawa kitupu.

Asubuhi baba akakimbia zahanati. Mlango ulikuwa na kufuli. Nesi alikuwa ameshuka Mbinga kufuata dawa, maana kabati lake lilikuwa limebaki na bandeji, na mvua ikaikata barabara nyuma yake. Lori lilikwama chini ya kilima siku ile na siku zilizofuata. Magunia ya kahawa ya msimu uliopita nayo yalikuwa ghalani yanangoja barabara ileile. Kila kitu cha kwetu kilikuwa kinangoja kitu kingine.

Wakatengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wampeleke hospitali ya misheni. Wanaume wanane walipokezana, wanawake tukifuata na nyimbo za kanisani. Mmoja wa wabebaji alikuwa Mngoni, mtani wetu, akawa anapiga kelele, "Mama Skola, nyie Wamatengo mnakula maharage mengi! Ukizidi kuwa mzito nakushusha utembee!" Niliona mdomo wa mama unataka kutabasamu. Tulipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa, umebeba magogo. Wakamweka chini ng'ambo hii tungoje maji yapungue. Maji yalipungua jua lilipoanza kushuka. Mama alikuwa ameshakwenda kabla ya hapo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, na sikujua ni saa ngapi hasa ulipoacha kuwa wake.

Msibani baba alisimama mbele ya watu akasema neno ambalo nilitembea nalo miaka mingi kama nishani: "Hatukukosa juhudi. Mtoto wetu alimsomea dawa." Wanawake wa kijiji walitusaidia kuchimba safu tatu za ngoro. Zilizobaki nilichimba mimi, Agneta akiwa mgongoni mwa bibi kando ya shamba analia maziwa. Pale ndipo shule yangu iliishia, chini ya yale majani. Hakuna aliyenikataza. Hakukuwa na mtu mwingine tu.

Nilirudi darasani nikiwa na watoto wanne, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, tumekaa kwenye madawati ya watoto wetu magoti yamegusa kidevu. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu. Siku moja akaandika ubaoni 2 x 3, akauliza nani anajua. Darasa zima tukapaza sauti, "Sitaaa!" Akacheka mpaka akashika meza. "Mama zangu, hapa hatuzidishi. Hapa tunameza! Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Mkimeza sita mtanizimikia hapa." Wenzangu walicheka wakipigana mabega. Na mimi nilicheka, kwa sababu uso ulikuwa umeshaanza kucheka kabla sijaelewa. Kisha nikatoka nje, nikashika nguzo ya bendera.

Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia, mwanangu, hiyo si dhambi, ulikuwa mtoto. Najua alitaka kunitua mzigo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza: kama si dhambi, basi haina ondoleo. Dhambi zangu nyingine zote zina mahali pa kupelekwa. Hii haina. Naisalia rozari kila jioni, na sijaacha, na sitaacha. Mungu anajua hata vidonge vile vingemezwa sawasawa, pengine vilikuwa vichache, pengine tulichelewa, pengine mto ungejaa vilevile. Anajua yeye. Mimi hajaniambia.

Leo mtu akija kwetu atasema tumeendelea, na hatasema uongo. Lami inashuka mpaka ziwani, samaki wa Liuli wanafika soko la Mbinga macho yao yakiwa bado yanang'aa. Zahanati ina marumaru, ina taa za jua, ina manesi wawili ambao wanaeleza mtu mpaka aelewe. Agneta ana ngoro zake na watoto wake, na wote wanasoma. Lakini vijana waliomaliza kidato cha nne wamekaa kwenye kingo za barabara hiyo ya lami wakitazama magari yanayopita, na kabati la dawa la zahanati ukilifungua linatoa mwangwi.

Mwezi wa tatu huu uliopita baba alipata kichomi. Mjukuu alimpeleka kwa pikipiki, wakarudi mapema. Nilikuwa naingia kutoka shambani, jembe begani, ile harufu bado kwenye mikono. Baba alikuwa kibarazani ameshika kikaratasi. Miaka hii amejifunza tarakimu, kwa ajili ya simu.

"Skola, njoo unisomee. Hizi herufi siziwezi, lakini hapa mwisho nimepaona mwenyewe." Akaweka kidole. "Mbili mara tatu. Ni sita, siyo? Kama ulivyomsomea mama yako."

Nilitua jembe. Ningeweza kumwambia kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa, sasa sivyo, dawa zimebadilika. Uongo huo ulikuwa umenijia mdomoni ukiwa umeshaiva. Lakini alikuwa mume wa mama, na ukweli huo ulikuwa wake pia.

"Hapana, baba," nikasema. "Ni viwili asubuhi. Viwili mchana. Viwili jioni."

Akatazama kile kikaratasi. Nikaona midomo yake inahesabu, taratibu, si hesabu ya leo. Kifua chake kikawa kinapiga filimbi.

"Kumbe," akasema.

Akanishika mkono wenye udongo, hakuuachia. Baadaye akakigeuza kikaratasi upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu, akanipa.

"Na dawa zenyewe?" nikauliza.

"Wamesema hakuna, mwanangu. Wamesema tukatafute mjini."