Sekunde Saba za Mhandisi

Mtaani walimwita Fundi Taa, ingawa taa ya chooni kwake ilikuwa na mwezi wa tatu haiwaki. Kazi yake halmashauri ilikuwa kutunza taa za barabarani na kupaka rangi vile vitufe ambavyo mwenda kwa miguu hubonyeza ili avuke. Siku alipofungua kimoja, alikuta hakina waya. Miaka sita watu wazima na akili zao walikuwa wakibonyeza kopo tupu, na halmashauri ikilipaka rangi upya kila mwaka. Hapo ndipo Fundi alipoanza kuuelewa mji.

Taa ya kijani ya kuvukia kwenye njia panda ya mtaani kwao ilidumu sekunde saba. Mhandisi Mkuu alizipima mwenyewe, kwa miguu yake mirefu, Jumapili, barabara ikiwa tupu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye dereva hamjui mwenda kwa miguu. Mama yake Fundi alihitaji ishirini na mbili. Tangu lori limkosekose njiani kwenda zahanati ya ng'ambo, aliacha kufuata dawa zake za presha.

Jambo hilo lilimuuma Fundi. Akafungua kisanduku cha mitambo ya njia panda ile, akaunganisha kitufe, akaweka sekunde ishirini na mbili. Mama akarudi zahanati.

Wiki ya tatu Mhandisi akaja amefura, kachelewa kikao kwa sababu ya taa hiyo.

"Nani kachezea mitambo? Rudisha saba, la sivyo kesho usije kazini!"

"Sawa, mkuu. Ila mama yangu yule anataka kuvuka. Ngoja apite kwanza."

"Saba zinamtosha yeyote mwenye nia. Nitamvusha mwenyewe!"

Fundi akarudisha saba. Mhandisi akamshika mama mkono, wakaingia barabarani.

Katikati, taa ikageuka nyekundu. Basi likapita mbele yao, lori nyuma yao, na faili la kikao likapeperuka. Mhandisi akamng'ang'ania mama kama mtoto siku ya kwanza shuleni.

"Tulia, mwanangu," mama akamwambia. "Usisogeze mguu. Mimi hapa nimeshasimama sana."

Fundi hakungoja amri. Akasimamisha magari, akaandika ishirini na mbili. Mhandisi alipofika ng'ambo aliondoka bila faili, na sekunde zikabaki ishirini na mbili.

Ripoti ya mwaka ilisifu ubunifu wa Mhandisi Mkuu wa kuongeza sekunde za kuvuka. Fundi alipomaliza kuisoma alicheka peke yake, kwa kuwa mama alikuwa zahanati.