Jedwali Juu ya Loho

Rafiki yangu alikuwa amebakiza kikao kimoja tu cha mtihani. Akianguka tena, chuo kingemfuta, na chuo kikimfuta asingepata kadi mpya ya mwanafunzi. Kisangani, katika miaka ile ya uasi, kijana asiye na kadi alikuwa mali ya askari wa kwanza aliyekutana naye. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na nyuma ya waasi yalikuwepo majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyoingia kama ndugu na sasa hayakutaka hata kuonana. Vijana waliokotwa barabarani na kupelekwa kambi ya Kapalata. Baadhi walirudi wakiwa wamevaa sare ambazo hawakuziomba, na baadhi hatukuwaona tena.

Mwenye kadi aliachwa apite, mara nyingi. Mama yake rafiki yangu, aliyekuwa akiuza samaki karibu na maporomoko ambako mumewe alivua, alilishika jambo hilo kama sala. Kila nilipokwenda kwao alinikalisha, akanipa chakula, kisha akanikumbusha: kazi yetu ikipita, mtoto atapata kadi, na akipata kadi askari hawatamgusa. Aliniambia mimi, utadhani mimi ndiye nitakayetoa alama. Nilikuwa nakula nikiitikia. 

Kazi yenyewe tulipewa wawili pamoja. Tulitakiwa kubuni lugha ndogo ya kompyuta na kuandika programu ya kuisoma. Lugha tuliijaza maneno ya kwetu: kama, basi, ao (ndiyo au ya kwetu), rudia. Mwalimu alikunja uso, nasi tukafurahi, maana furaha zilikuwa chache. Lakini maneno si kazi. Kazi ni kichanganuzi, ile sehemu ya programu inayopokea mstari neno baada ya neno na kutambua lipi limebeba lipi. Ukiandika mbili jumlisha tatu mara nne, mtu aliyepita shuleni anajua kwamba tatu na nne zinashikana kwanza. Mashine haijui. Mashine ni mjinga mwenye mbio, na mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kulifundisha somo hili, sijapata maelezo bora zaidi ya kuwapa wanafunzi.

Tulikuwa na fotokopi ya kitabu cha Kifaransa, kurasa zake za katikati zimeliwa na unyevu. Tulianza na njia iliyokuwa kwenye kurasa zilizosalia. Katika njia hiyo kila kanuni ya lugha inakuwa kipande cha programu, na vipande vinaitana. Tukaandika kwamba hesabu ni hesabu, kisha alama ya kujumlisha, kisha namba. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye mashine, kipande cha hesabu kiliamka, kikaona kwamba kazi yake ya kwanza ni kuita kipande cha hesabu, kikajiita, kikajiita tena, kabla ya kusoma hata herufi moja. Mashine iliganda mpaka tukaizima kwa kidole. Ilikuwa kama ofisi za mji wetu, ambako dirisha linakutuma kwenye dirisha lile lile. Nilitukana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Rafiki yangu alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akasema tuachane na njia hiyo, tujaribu ile ya jedwali.

Njia ya jedwali haijiiti. Ina rundo na ina jedwali. Unatazama kilicho juu ya rundo, unatazama neno linalofuata, unaingia kwenye chumba cha jedwali ambamo mstari na safu vinakutana, na humo unakuta amri: weka neno juu ya rundo, au kunja yale ya juu yawe kitu kimoja. Panapokuwa patupu, aliyeandika amekosea. Kwa Kifaransa tuliandika D kwa kuweka na R kwa kukunja, kila herufi na namba yake. Mashine haihitaji akili yoyote, akili yote imo kwenye jedwali. Lakini jedwali lazima mtu alijenge, chumba kwa chumba, akijiuliza kila mara: nikiwa hapa, nimeshasoma haya, ni nini kinaweza kunijia? Ukikosea chumba kimoja mwanzoni, kosa linatembea mpaka mwisho.

Tulijengea kwetu, mtaa wa Mangobo, kwenye meza ya papa, baba yangu, ya kukatia vitambaa. Papa alikuwa fundi cherehani, na sisi ni Waislamu wa zile familia za zamani za biashara. Rafiki yangu alikuwa Mkristo kama watu wengi wa maporomoko, na hilo halikumsumbua mtu nyumbani. Kilichotusumbua ni karatasi. Meli hazikupanda tena kutoka Kinshasa, na karatasi iliyokuwepo sokoni ilifungia karanga. Jedwali lilikuwa pana, tulilifuta na kulirekebisha mara kwa mara. Ndipo papa alipotushushia loho kutoka juu ya kabati, ule ubao mpana wa mti aliosomea Kurani utotoni. Wino wa loho hutengenezwa kwa masizi na unafutika kwa maji. Hatukuwahi kupata kitu kilichotufaa kama kile.

Koko, mama yake papa, alifurahi kuiona loho ikifanya kazi tena. Hakuuliza tunaandika nini. Aliketi kwenye mkeka wake karibu na mlango, akimenya mihogo, na kutusikiliza. Rafiki yangu alikuwa na tabia ya kuyasoma majedwali kwa sauti, akiyumba mbele na nyuma bila kujua: dé cinq, dé quatre, erreur, erreur, er deux, yaani D tano, D nne, kosa, kosa, R mbili. Koko hakujua Kifaransa, lakini hakujua Kiarabu pia, na maisha yake yote alikuwa amewasikia watoto wakikariri wasichokielewa mpaka kikakaa. Kwake yeye hivyo ndivyo elimu inavyosikika. Aliniambia kwamba mwenzangu ana sauti nzuri, na mimi nina sauti ya mtu anayegombana.

Siku tulipokagua chumba cha mwisho, tulikuwa tumechoka na kufurahi pamoja. Lililobaki ni kuliingiza jedwali kwenye mashine ya chuo, moja kwa moja kutoka kwenye loho, siku umeme wa bwawa la Tshopo utakaporudi na zamu yetu ikafika. Kikao kilikuwa karibu. Kesho yake asubuhi mama alinituma sokoni. Rafiki yangu alikuja mimi nikiwa sijarudi, akaketi mezani, akageuzia loho ukutani, na akaanza kulisoma jedwali lote kwa kichwa, mstari kwa mstari, kujipima tu. Koko alimsikiliza mpaka mwisho.

Kwetu mtoto akiisoma loho yake yote bila kuitazama, amemaliza. Loho huoshwa ili ipokee somo jingine. Maji yake hayamwagwi penye kukanyagwa, na mwenye somo hupewa anywe kidogo, yakae ndani yake. Mama zetu walifanya hivyo, na mama zao kabla yao.

Niliporudi, loho ilikuwa imeegemezwa juani, nyeupe, inachuruzika. Rafiki yangu alikuwa ameshika kikombe mkononi na midomo yake ilikuwa myeusi. Nilisimama na kapu langu.  Koko alinitazama kwa furaha, kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Mwenzako amemaliza," akasema. "Amesoma yote bila kuangalia, hata mara moja. Njo maana nimemuoshea."

Rafiki yangu alinishika mkono, akanivuta uani, na akaniambia polepole nisimseme bibi mtu mzima. Alikuwa ametoka nje kidogo tu, aliporudi akakuta ubao uko majini, na kikombe alikipokea kwa heshima. Kisha akacheka.

"Usikasirike. Yote iko kichwani," akasema. "Na courant imerudi, nimeambiwa njiani, machine iko bure, haina mtu. Nikienda sasa naingiza yote leo."

Nikasema tuandike kwanza, popote. Loho ilikuwa imelowa, wino ungetawanyika. Nikasema basi ukutani, kwa chaki ya papa. Akasema tukimaliza ukuta umeme utakuwa umeondoka, na zamu yetu pia, na nani anajua lini utarudi, na yeye ana kikao kimoja. Alisema kweli. Akaita toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akapanda nyuma. Baiskeli ilibeba mtu mmoja, kwa hiyo mimi ningefuata kwa miguu. Wakati wanaondoka midomo yake ilikuwa tayari inatembea. Alikuwa ameanza mstari wa kwanza.

Nilimkuta mwendesha toleka kabla sijafika mjini. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, baiskeli yake imelala. Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari ambacho asubuhi hakikuwepo. Nilimuuliza abiria wake yuko wapi, akanitazama kwanza kama anapima mimi ni nani.

"Alikuwa anasema-sema namba njia yote," akaniambia. "Basoda bakamuuliza, unaongea na nani? Akasema iko cours ya machine. Bakasema hapana, huyu anabebea benzake namba."

Rafiki yangu aliwaonyesha kadi. Ilikuwa halali bado, ya mwaka ule. Waliishika, wakaisoma, wakaitia mfukoni. Kisha wakamwambia arudie namba zile, naye, akidhani wakisikia wataelewa kwamba ni masomo, akawarudilia vizuri kabisa, herufi na namba zake, bila kukosea. Mmoja wao aliziandika. Majeshi mawili yalikuwa yanaviziana mle mjini, na kijana aliyebeba kichwani safu ndefu za herufi na namba hakuweza kuwa mwanafunzi machoni mwa watu wale. Walimpakia kwenye gari lililoelekea Kapalata.

Papa alifunga duka, akaenda Kapalata. Baba yake rafiki yangu naye alienda, na ndugu zake wavuvi, na mwalimu wetu mwenyewe na barua yenye muhuri. Getini waliambiwa hapo hakuna mwanafunzi. Siku nyingine waliambiwa warudi. Halafu majeshi yale yakapigana kweli, ndani ya mji, mabomu yakapita juu ya nyumba zetu, na baada ya hapo hata getini hapakuwa na mtu wa kumuuliza aliyewahi kumjua.

Koko hakuambiwa. Papa alituamuru hivyo, nami nilitii kwa shida. Nilikuwa na hasira na koko, hasira mbaya, nikimwona anamenya mihogo yake na kuuliza mbona mwenye sauti nzuri haji. Alikuwa amemfanyia mgeni heshima tunayomfanyia mtoto wetu wenyewe. Nilijua hivyo, na bado sikuweza kula mbele yake.

Chuo kilipofunguliwa, kikao kilipangwa upya, na kazi ilikuwa bado yetu wawili. Nilianza jedwali upya. Kanuni za lugha nilizijua. Mtu akiwa na kanuni, hatua zinajulikana: jiulize uko wapi, umesoma nini, nini kinaweza kukujia. Nilijenga kwenye ukuta wa chumba changu kwa chaki ya papa, chumba kwa chumba, mchana kutwa. Likatoka. Likatoka lile lile, kila D na kila R mahali pake, na mapengo yale yale. Wanafunzi wangu hupenda nikiwaambia kwamba jedwali hilo yeyote duniani akilijenga kwa kanuni hizo atalipata hivyo hivyo. Siku ile sikulipenda. Nilitafuta chumba kimoja ambacho bila yeye kingekosekana, nikarudia kutafuta, hakikuwepo. Niliketi sakafuni nikalia.

Siku ya kuitetea kazi mbele ya majaji, mama yake rafiki yangu alikuja. Alivaa kitenge cha kanisani, akaketi nyuma kabisa, mikono mapajani. Yote yalisemwa kwa Kifaransa, hakuelewa kitu, lakini jina la mwanawe lilikuwa kwenye jalada pamoja na langu, na mwalimu alilisoma kwa sauti. Niliandika mstari kwenye mashine, mashine ikausoma, ikajibu. Nikaandika mwingine wenye kosa, ikasema kosa liko wapi. Majaji walinong'onezana kidogo, kisha wakatangaza kwamba kazi imepita. Watu walipiga makofi machache.

Nje, kwenye baraza, mama yule alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono yake ilinuka samaki na sabuni.

"Sasa imepita," akasema. "Bampe kadi yake mupya, nipeleke mwenyewe Kapalata, baione."

Nilimtazama, nikaona kwamba hakuwa ameupoteza ule mpango wake hata siku moja.  Nilimpeleka mpaka dirisha la sekretarieti, nikamweleza karani kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. Karani hakuwa mtu mbaya. Alifunua rejista, akaifunga, akaniambia kwamba kadi hupokewa na mwenyewe, aje kupigwa picha na kuweka sahihi.

Mama yule aliniuliza karani amesema nini. Nilimwambia wamefunga leo. Akasema sawa, atarudi kesho, na kesho yake nilipofika chuoni nilimkuta amekwisha kuketi chini ya dirisha, anangoja lifunguliwe.