Mchapaji na Kioo Kipya

Mchapaji wa mtaa wetu ana vidole vifupi vyenye haraka, na kila akimaliza sentensi huisoma kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto. Jumamosi aliniomba nimsindikize dukani kutazama toleo jipya la kompyuta mpakato anayoitumia kwa miaka tisa sasa. Muuzaji akamwaga sifa: kasi, betri, wembamba. “Kasi ya nini, mwanangu? Anayechelewa ni mimi,” alimjibu, tukacheka. Aliposikia bei aliguna, akashika mkoba aondoke. Kwa adabu tu akaketi kuijaribu, akachapa barua ya kuomba likizo, ile anayowaandikia watu kila wiki. Akaisoma tangu salamu hadi sahihi, mgongo ukiwa umeegemea kiti.

“Dada,” akaniambia bila kunitazama, “mwaka mzima nilidhani napofuka. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Kumbe ni kioo cha ile ya zamani kimechoka.”

Muuzaji akauliza kama aifunge kwenye boksi aende nayo. “Funga,” akasema, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza barua nyingine.