Panya Waliosahau Ugonjwa

Bi Nélida Barrientos alitunza panya wa maabara pale Rosario miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa naosha vizimba. Panya wa Daktari Ferreyra walizaliwa bila seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Aliwachanja, seli T zao zikaujua ugonjwa, na baada ya miezi michache zikausahau.

"Ni uchafu wako huu," akamwambia mama wa watu mbele yetu sote. "Unaniharibia kazi." Akamtupa stoo ya maranda.

Mwaka uliofuata panya wakatunzwa na mtu mwingine, wakasahau vilevile. Daktari alipowatia kingamwili, kumbukumbu ikashika. Kumbe seli T zilikuwa zinategemea wenzao, zile seli B. Ugunduzi ukawa wake, makofi yakawa yake. Kumwomba radhi Bi Nélida? Thubutu.

Siku ya kumpongeza Daktari, Bi Nélida ndiye aliyekuwa akigawa maté, ile chai ya majani inayonywewa kwa zamu katika kibuyu kimoja. Kibuyu kikatuzunguka, kikampita Daktari mara mbili.

"Bi Nélida, umenisahau," akasema huku akicheka.

"Sijakusahau, Daktari," akajibu, akimimina maji ya moto. "Mimi seli zangu zote ninazo."